ULIZA FUNDI: Redio ya Kijapani imegoma, besi hamna, waya unanuka

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu betri zinazokufa usiku, nikasema ukimtafuta mchawi anza kumtafuta kwenye redio, basi mmenimwagia meseji za mziki wa gari mpaka mke wangu akauliza hii simu imeingiwa na nini. Nimeokota chache zinazobeba maswali ya wengi, nimezifupisha, majina nimeacha. Wale mnaouliza "fundi seti nzuri ni ipi" bila kusema una gari gani wala unasikiliza nini, jipangeni muandike upya.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimetoa IST bandarini mwezi wa tatu, gari safi haina shida, ila redio ina maandishi ya Kijapani na inakamata stesheni mbili tu, moja wapo inakwaruza. Juzi fundi alichomoa betri, kuirudisha skrini imegoma kabisa, inaonyesha maandishi na kapicha ka kadi. Jamaa wa mjini anasema nitupe hiyo, niweke Android inchi 9 na spika nne mpya. Mfukoni nina laki tatu na nusu. Nianzie wapi? Wa Buhongwa.

FUNDI: Pole kaka wa Buhongwa. Una matatizo mawili na huyo jamaa anakuuzia dawa ya tatizo la tatu.

Redio kukamata stesheni mbili sio ubovu, ni uzawa. Japani FM yao inaanzia 76 inaishia 90, huku kwetu inaanzia 88 kwenda 108, kwahiyo mnakutana pale kwenye kakipande ka 88 mpaka 90, kilichobaki chote redio yako haijui hata kama kipo. Wenzetu kule juu ya 90 walikuwa wamepaweka chaneli za tivii, namba 1 mpaka 3, hadi walipozima analojia 2011 na 2012, ndo maana redio zao za zamani ukiangalia vizuri unakuta zimeandikwa TV pembeni ya FM. Baadaye wakaongeza FM mpaka 95 na gari za miaka ya karibuni zinafika hapo, lakini bado 108 ni mbali.

Dawa ya bei ndogo ni ekspanda, kile kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, kinachukua mawimbi ya kwetu kinayashusha yaingie kwenye namba za Kijapani. Sasa hapa ndo watu wanapigwa, maana zipo za kushusha 12, za 14, za 16 mpaka 20, na muuzaji anakupa iliyo juu ya meza. Ukifunga ya 12, stesheni ya 98.0 utaikuta imekaa 86.0, safi, ila mwisho wake ni 102, chochote cha juu ya hapo umekikosa. Ya 16 inakupa 92 mpaka 106. Kwahiyo kabla hujanunua chukua redio ya simu au ya jirani uandike namba za stesheni zako tatu nne za kila siku, hizo namba ndo zichague ekspanda. Baba mkwe wangu bila Radio Free Africa ya asubuhi hata kioo cha gari hafuti, yeye tulimchagulia kwa stesheni hiyo hiyo moja.

Hiyo skrini iliyogoma ni habari nyingine. Navi nyingi za Toyota za kadi (zile redio zenye ramani) zikikatwa umeme zinajifunga kwa kuogopa wizi, zikirudi zinataka kadi ile ile ya ramani iliyokuja nayo au namba ya siri. Na kadi yenyewe watu wanaichomoa wanaiona ndogo nzuri, wanaitia nyimbo. Tafuta kwenye draa la dashibodi, kwenye mfuko wa kitabu cha gari, mpaka chini ya kapeti la dereva, ukiikuta usiifute, rudisha uone. Ukiikosa mimi nakwambia usipoteze hela kuzunguka kwa wafunguaji, nunua redio.

Lakini sio lazima Android. Kwa laki tatu na nusu ukichukua skrini kubwa utapata ile ya RAM ya gigi 1 iliyoandikwa 4, inachukua dakika nzima kuamka, na gari ikilala juani pale Buhongwa mchana inaganda kama ugali wa jana. Mimi ningechukua redio ya kawaida yenye Bluetooth na USB, yenye matundu ya RCA nyuma, yale ya kuchomekea ampu (mashine ya kukuza sauti), hata kama leo huna cha kuchomeka, inayobaki ningeipeleka kwenye spika mbili za mbele. Za nyuma ziache zilivyo. Wewe unakaa mbele bwana, nyuma anakaa nani, watoto na tenga la nyanya.

Halafu pima tundu. Toyota za Japani zina redio pana, milimita 200 kwa 100, wakati redio nyingi za dukani za din mbili (zile nene za ukubwa wa mara mbili) ni 178 kwa 100. Ukiweka bila fremu inabaki nafasi ya kidole kila upande, fundi anaziba na sponji nyeusi anakwambia ndo fashoni. Omba ya 200 au omba fremu yake.

Na la mwisho kwako: akitoa koleo kukata soketi ya gari, mshike mkono. Ipo soketi ya kuunganishia ya Toyota, ya pini 10 na ya pini 6, inaingia klik bila kukata hata waya mmoja. Kwenye waya za redio mpya njano ni umeme wa kudumu wa kutunza kumbukumbu, nyekundu ni ile ya kuwasha na funguo, nyeusi ni bodi, yani ile inayofungwa kwenye bati la gari. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na kila rangi ina mwenzake mwenye mstari mweusi ambaye ndo hasi. Ila hizo rangi ni za redio mpya, waya za gari zenyewe zina rangi zao, ndo maana nasisitiza soketi, sio kuotea.

SWALI: Habari fundi, mimi ni mwalimu, nakaa Kisesa nafundisha upande wa mjini, natumia Raum. Redio ni mpya kabisa imeandikwa 50W x 4 lakini nikipandisha sauti kwaya inakuwa kama inaimba ndani ya debe, besi hamna, na spika moja inakwaruza. Fundi mmoja amesema bila sabufa ya inchi 12 nyuma hakuna kitu. Buti ndo nabebea madaftari, na msimu wa mavuno mahindi. Naomba ushauri.

FUNDI: Mwalimu buti lako liache na mahindi yake.

Tuanze na mtihani mdogo usiohitaji fundi. Gari imesimama, weka wimbo unaoujua, peleka balansi kushoto yote na feda mbele yote, hapo inaongea spika moja tu, isikilize. Zungusha mpaka umezisikia zote nne moja moja. Kama inayokwaruza ni moja wengine wazima, mgonjwa ni hiyo spika. Kama zote zinaanza kukwaruza ukifika namba ile ile ya sauti, basi spika hazina kosa, redio ndo imeishiwa pumzi.

Na itaishiwa tu, maana hizo 50 mara 4 ni wati za kwenye boksi. Uwezo wa redio upo nyuma yake, geuza utaona fyuzi, nyingi ni ya ampea 10 au 15. Chukua hiyo ya 15, zidisha na volti 14 za gari ikiwa inawaka, unapata wati 210 zinazoingia, na karibu nusu yake inapotelea kwenye joto, ndo maana mgongo wa redio ni bati lenye mapezi kama pikipiki. Sasa 200 za kutoka zitatoka wapi? Ukweli wake ni kama wati 15 mpaka 20 hivi kwa kila spika, wala sio aibu, wati 20 kwenye kagari ka Raum ni kelele ya kutosha kumwamsha trafiki, ilimradi spika ijue kuzitumia.

Kwahiyo ukienda dukani acha kusoma ile "300W MAX" iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Geuza boksi tafuta maneno mawili madogo. La kwanza RMS, wati za kweli. La pili ni ile namba ya dB, inayosema spika inatoa sauti kiasi gani ukiipa wati moja tu ukasimama mita moja. Hii ndo inayokuhusu wewe usiye na ampu. Kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili, maana yake spika ya dB 92 inakupa kwa wati 5 kile ambacho ya dB 86 itakuomba wati 20. Watu wananunua spika nzito ya sumaku kama sufuria, ya dB 86, wanaichomeka kwenye redio tupu halafu wanakuja kulia kwamba ile ya kiwandani ilikuwa na sauti zaidi. Na kweli ilikuwa nayo. Za kiwandani ni karatasi nyepesi, hazina besi wala hazidumu, ila kwa wati chache zinaongea.

Sasa mlango, na hapa naomba univumilie kwa sababu ndo kitu ninachokipigia kelele miaka yote na watu wananiona mswahili tu. Spika ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni mlango. Spika ikisukuma hewa mbele inasukuma na nyuma, na hewa ya nyuma ikipata upenyo wa kuja mbele zinauana, besi inakufa palepale. Mlango wa gari ukitoa kava una matundu ya kupitisha mkono wa fundi wa kioo, bati lake la nje jembamba, ukiligonga kwa kidole linalia ta ta ta, hilo ndo debe lako mwalimu. Unachotaka ni shiti za kuzuia mtetemo, zile za raba nzito nyeusi ya kunata zenye foili ya silva juu. Unasafisha bati la nje kwa upande wake wa ndani na petroli kidogo au spiriti mpaka vumbi la barabarani liishe, vumbi likibaki shiti itadondoka ndani ya mwezi, unazibandika shiti kwenye hilo bati katikati, halafu unaziba na yale matundu makubwa. Sio lazima ujaze mlango mzima, kipande cha ukubwa wa madaftari mawili matatu yaliyofunguliwa nyuma ya spika tayari utasikia.

Nilikuwa na mteja mbishi, mzee wa Bwiru, akasema namuuzia makaratasi. Nikamwambia sawa, nafanya mlango wa kulia tu bure, wa kushoto nakuachia hivyohivyo, spika ni zile zile. Akakaa ndani nikamwekea gitaa la besi, akapeleka balansi kulia, akapeleka kushoto, akarudisha kulia, kama mara nane, hasemi kitu. Alafu akazima redio akagonga mlango kwa nje, ule wa kulia ukajibu du kama mlango wa gari kubwa, wa kushoto ta. Akaniuliza kwa sauti ya chini, wa kushoto ni shilingi ngapi.

Tahadhari moja, ile plastiki nyepesi iliyobandikwa chini ya kava la mlango fundi asiichane akaitupa. Ndani ya mlango maji yanaingia, mvua inapita kwenye raba za kioo inashuka inatokea kwenye vitundu vya chini, imetengenezwa hivyo. Ile plastiki ndo inazuia maji yasije kwenye kava na kwenye kapeti, na mvua za huku ziwani unazijua. Kwa sababu hiyo hiyo spika yako ya karatasi imekwaruza, imekunywa unyevu miaka kumi na kitu. Na ringi ya kuwekea spika mpya isiwe ya MDF (ule ubao wa unga wa mbao), inavimba kama andazi, bora plastiki. Mimi nimeshakata ringi kwenye ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, na gari lile bado linapiga mziki.

Spika zikishafungwa hakikisha chanya imekwenda chanya na hasi imekwenda hasi kwa zote mbili. Kipimo chake ni betri ndogo ya rimoti, ya volti 1.5. Gusisha waya za spika kwenye betri sekunde moja, utaona karatasi inaruka: ikitoka nje, waya uliogusa chanya ndo chanya, ikiingia ndani umegeuza. Moja ikigeuzwa, ya kulia inasukuma wakati ya kushoto inavuta, besi inapotea katikati ya gari na hamna anayejua imekwenda wapi, watu wanarudisha spika dukani bure.

Baada ya hapo ingia kwenye menyu ya redio utafute HPF, kichujio cha kuzuia besi nzito, iweke 80 kwa spika za mlangoni, hapo unazipunguzia zile besi nzito kabisa ambazo haziziwezi, na utashangaa zinakwenda juu zaidi bila kukwaruza. Kama baada ya yote hayo bado roho inataka besi, ipo sabufa ya kukaa chini ya kiti, ya inchi 8, ina ampu yake ndani, mahindi hayaguswi. Pima tu nafasi chini ya kiti kwanza kwa rula, usije ukanunua ikabidi uibebe mapajani.

SWALI: Bosi mimi dereva wa Hiace. Nimefunga ampu ya wati 2000 na sabufa mbili, abiria wanaipenda gari, ila ule waya mwekundu unapata moto na kuna harufu ya plastiki. Fyuzi ilikuwa inakata, fundi akaweka kubwa zaidi sasa haikati. Niendelee tu?

FUNDI: Usiendelee. Ukimaliza kusoma hapa chukua spana namba 10 ukachomoe waya wa hiyo ampu kwenye betri.

Nakwambia kwa sababu yalinikuta. Zamani kabla daraja halijakamilika, tulikuwa kwenye foleni ya kivuko Kigongo tukienda Sengerema, mimi na shemeji, gari imezimwa mziki unapiga. Waya wa ampu alikuwa ameufunga fundi mmoja wa mtaani, kaupitisha kwenye tundu la bati kati ya injini na kabini bila raba, bati likawa linaukwangua taratibu kila tukikanyaga shimo. Siku hiyo ukafika kwenye shaba. Fyuzi ilikuwepo, lakini kaiweka nyuma kabisa karibu na ampu, kwahiyo waya wote kutoka betri mpaka buti haukuwa na mlinzi. Harufu kwanza, nikadhani ni mama wa samaki wa kukaanga pembeni, alafu moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi, mweusi mzito. Shemeji anamwagia maji ya chupa, mimi natetemeka natafuta spana. Dereva wa fuso nyuma yetu ndo alikuja na yake akachomoa terminali kwa sekunde tano. Waya uliobaki ulikuwa kama mlenda.

Sasa wewe. Fyuzi haipo kwa ajili ya kulinda ampu, inalinda waya, na inakaa karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye terminali. Ukubwa wa fyuzi unafuata waya, sio unafuata hasira za fundi. Ilikuwa inakata kwa sababu waya ulikuwa unabeba zaidi ya uwezo wake, sasa haikati, anayekata atakuwa waya wenyewe.

Angalia na waya gani umewekewa. Kwenye waya namba ikiwa ndogo ndo waya mnene, geji 4 ni mnene kuliko geji 8. Hiyo ampu ya 2000 tuseme kwa ukweli inatoa 500, ampu za daraja D zinapoteza kama sehemu moja ya tano, kwahiyo inavuta kama wati 625, gawa kwa 13.8 ni ampea 45. Hapo unataka geji 4 ya shaba na fyuzi ya 50 au 60. Nyingi zinazouzwa kwenye vifurushi vya bei poa ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Chukua wembe ukwangue uzi mmoja, ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani umenunua alumini, hiyo ichukulie kama waya mwembamba zaidi ya ilivyoandikwa.

Waya wa bodi nao uwe unene ule ule, mfupi, na pale unapofungwa rangi ikwanguliwe mpaka bati liwake. Na tundu la kupitia kabini liwekwe raba. Abiria wataipenda gari hata wiki ijayo.

SWALI: Fundi nikikanyaga mafuta mziki unalia wiiiii, nikiachia unashuka. Tatizo nini? Wa Nyegezi.

FUNDI: Altaneta hiyo inaimba, ile mashine ya injini inayochaji betri. Mara nyingi ni bodi ya ampu au ya redio imefungwa kwenye rangi au kwenye boliti yenye kutu, au waya za RCA zimelazwa pamoja na waya mkubwa wa umeme upande mmoja. Umeme upite kushoto, RCA zipite kulia. Kwangua, kaza, sikiliza tena. Kale kafilta wanakokuuzia kakamue huo mlio kaache, kanakamua na mziki.

SWALI: Tangu nifunge redio mpya betri inakufa kila nikiacha gari siku mbili. Mwingine hapa ana shida tofauti, redio yake inasahau stesheni na saa kila akizima. Sisi ni ndugu, tulifunga kwa fundi mmoja.

FUNDI: Huyo fundi kawagawia kosa moja nusu nusu. Wewe nyekundu yako imeungwa kwenye umeme wa kudumu, redio hailali kabisa. Ndugu yako njano yake imeungwa kwenye umeme wa funguo, kila akizima redio inakufa na kumbukumbu zake. Zirudisheni mahali pake.

Kuhakikisha, gari imezimwa milango imefungwa, subiri kama nusu saa kila kitu kilale, mita ikae kati ya terminali ya hasi na waya wake, isome ampea. Ikiwa chini ya 0.05 ni salama. Ukikuta 0.5, betri ya ampea 35 inabaki nusu ndani ya saa 35, yani umepaki Ijumaa jioni, Jumapili ya kwenda kanisani mnaisukuma mkiwa mmevaa suti. Na ukisikia mtu anasema weka swichi ya kukata betri badala ya kurekebisha waya, kumbuka yule kaka wa Buhongwa na skrini yake.

SWALI: Mwanangu shikamoo nakuachia wewe uitikie kwa niaba ya kijana wangu asiye na adabu. Ana miaka 22, amenunuliwa Passo na baba yake, anataka kufunga sabufa mbili za inchi 15. Majirani huku Pasiansi wameshaanza kuniangalia. Kuna ubaya au ni ujana tu? Mama wa watatu.

FUNDI: Mama yangu shikamoo ni yangu mimi, wewe ndo wa kuitikia.

Ujana upo, ila na hesabu zipo. Sabufa mbili za 15 kwenye Passo zinamaliza buti lote na ikibidi kiti cha nyuma kilazwe, gari inabaki ya watu wawili. Altaneta ya kagari kama kale ni ndogo, na taa, feni na injini yenyewe zinakula kwanza, kwahiyo usiku kila besi ikipiga taa za mbele zitapepesa kama zinakonyeza. Mwambie inchi 10 moja kwenye boksi lililofungwa, sio lenye tundu. Boksi lililofungwa ni dogo, besi yake fupi na safi, inafuata ngoma vizuri badala ya kuvuma tu.

Na masikio. Wataalamu wa afya ya kazini wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu, kwahiyo desibeli 100 ni dakika 15 tu za siku. Ndani ya Passo iliyofungwa vioo na sabufa mbili za 15, hiyo 100 anaipita kabla hajafika Kirumba. Akishuka akisikia masikio yanalia nzii, ndo yanamwambia yameumia.

Kwa majirani mama, njia ya haraka ni kukaza namba za gari. Nusu ya kelele wanayosikia nje sio mziki, ni kibati cha namba cha nyuma kinachotetemeka kwenye buti. Raba mbili nyuma yake na skurubu nne zikakazwa, heshima yako inarudi kabla hata ya mazungumzo na kijana.

SWALI: Fundi nimeshafunga mziki mpya, redio ya zamani naiuzaje?

FUNDI: Usiiuze. Siku ukiuza gari mtu atakuja na hela yake, utang'oa mziki wako wote uhamie nao kwenye gari jipya, na pale kwenye dashibodi patabaki tundu la kutia mkono. Ifunge kwenye gazeti pamoja na skurubu zake zote, soketi yake, na spika za kiwandani hata kama zinakwaruza, weka juu ya kabati. Na kama ilikuja na kadi, ibandike kwa selotepu mgongoni mwa redio, uandike kwa kalamu: isifutwe.